Maziwa ya Mama Hukauka Lini?



Chukueni mfano wa nyumba moja ya Mbotela, hapa Eastlands, Nairobi. Ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu kuna kitanda. Upande ule kuna stovu, viti viwili na ndoo za maji. Mama ana mtoto wake wa pili, na miezi 3 ya likizo ya uzazi imekwisha. Jumatatu atarudi kazini Industrial Area. Jioni moja anajaribu kukamua titi, anaona matone machache tu. Anamwita mumewe: "Baba watoto, maziwa yameniishia."

Mume hana la kusema. "Basi tutanunua ya kopo," anajibu. Nyanya wa mtoto, aliyekuja kutoka ushago kusaidia, anatikisa kichwa: "Wewe mwanangu, mwili wako ni wa miezi 3 tu. Hata yule wa kwanza maziwa yalikatika hivi hivi."

Usiku ule hakuna ugomvi. Ugomvi unakuja baada ya wiki mbili. Kopo la maziwa limekula sehemu ya pesa za kodi. Mtoto ameharisha. Mume anauliza kwa nini wanawake wengine wa ploti wananyonyesha na wake hawezi. Mke analia kimya nyuma ya pazia, akijiona si mama kamili. Na yote haya yametokana na swali ambalo hakuna aliyeuliza vizuri mle ndani: mama anaweza kutoa maziwa kwa muda gani?

Jibu tulitoe mapema. Maziwa ya mama hayana tarehe ya mwisho. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kutoa maziwa mwaka mmoja, miwili, mitatu na zaidi, mradi mtoto ananyonya au maziwa yanakamuliwa. Hayafuati kalenda. Yanafuata kutolewa. Tukilielewa jambo hili, tutaona pia kwamba muda wa kunyonyesha hauko mikononi mwa mama peke yake. Uko mikononi mwa nyumba nzima.

MAZIWA HUTENGENEZWAJE

Wengi wetu hufikiri titi ni kama jerikeni: limejazwa siku ya kujifungua, na kila anyonyapo mtoto linapungua mpaka liishe. Sivyo. Titi ni kama kisima chenye chemchemi. Ukichota, maji hujaa tena. Ukiacha kuchota muda mrefu, chemchemi huziba polepole.

Katika siku za kwanza hutoka dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo ni kinga ya kwanza ya mtoto. Ni kidogo, na yanamtosha, kwa maana tumbo lake ni dogo. Kati ya siku ya pili na ya nne hivi, maziwa mengi huingia. Mwanzo huu huletwa na homoni za mwili baada ya kondo la nyuma kutoka. Kuanzia hapo kazi inashikwa na mtoto mwenyewe.

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupata habari na kutoa homoni mbili. Moja, prolaktini, huagiza maziwa mengine yatengenezwe. Hutoka kwa wingi zaidi usiku; ndiyo sababu kunyonyesha usiku hulinda maziwa. Ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa yatoke. Hii husikiliza moyo wa mama. Akiwa na utulivu hufanya kazi vizuri. Akiwa na hofu, maumivu au fadhaa huchelewa.

Tena titi lenyewe lina namna ya kujipima. Likijaa na kukaa hivyo saa nyingi, hupunguza utengenezaji. Likitolewa maziwa, huongeza. Ndiyo maana mama wa mapacha hupata maziwa ya wawili. Na ndiyo maana kusema "niyahifadhi yajae ndipo ninyonyeshe" ni njia ya kuyapunguza.

BASI YANAWEZA KUENDELEA MPAKA LINI?

Shirika la Afya Duniani linafundisha hivi: miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Angalieni maneno hayo "au zaidi". Hakuna ukomo uliowekwa, kwa sababu mwili haukuweka.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa Maandiko. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, yule mama shujaa wa wana saba anamkumbusha mwanawe wa mwisho kwamba alimchukua tumboni miezi tisa na kumnyonyesha miaka mitatu. Anasema hivyo kama jambo la kawaida la kila nyumba.

Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nusu ya watoto hunyonya kwa miezi 21 hivi au zaidi. Maana yake, mama wa Kenya wa kawaida, wa kijijini na wa mjini, hutoa maziwa karibu miaka 2. Mwili wa miezi 3 ambao nyanya aliutaja ni nadra sana.

Wengine husema baada ya mwaka maziwa hugeuka maji matupu. Hayageuki. Kati ya miezi 6 na 12, maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto nusu ya nguvu anayohitaji, au hata zaidi. Katika mwaka wa pili yanaweza kumpa theluthi moja, pamoja na vitamini na kinga dhidi ya magonjwa. Mtoto anapougua na kukataa chakula, mara nyingi titi ndilo pekee analokubali. Na mama naye hufaidika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya habari kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4 hivi.

KWA NINI TUNASEMA YAMEKWISHA?

Mara nyingi mama husema maziwa yamekwisha wakati yapo. Tazameni sababu hizi.

1. Matiti yamelainika. Wiki za kwanza matiti hujaa na kuuma, hata kuvuja. Baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili hulainika. Hii si dalili ya kukauka. Mwili umejua kiasi anachohitaji mtoto, nao hautengenezi cha kumwagika.

2. Mtoto analia na kutaka titi kila mara. Kuna siku mtoto anakua haraka na kunyonya mfululizo. Anafanya hivyo ili kuagiza maziwa zaidi. Tukimpa chupa siku hizo, agizo halifiki.

3. Ukikamua yanatoka matone. Mkono usiozoea hautoi kama kinywa cha mtoto. Matone ya jioni, mama akiwa amechoka na mwenye wasiwasi, hayapimi maziwa yaliyomo.

4. Chupa imeingia. Mtoto aliyeshiba maziwa ya kopo hanyonyi. Asiponyonya, titi hupunguza. Mama akiona yamepungua, anaongeza kopo. Ndivyo maziwa yanavyokauka katika nyumba nyingi. Kopo lililonunuliwa kwa sababu ya upungufu ndilo linaloleta upungufu.

Basi mtajuaje kama mtoto anapata ya kutosha? Msitazame titi, mtazameni mtoto. Mtoto mchanga akishatimiza wiki moja, na akinyonya tu bila kitu kingine, hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Uzito wake hupanda katika kijitabu cha kliniki. Mambo hayo mawili ni shahidi bora kuliko maneno ya majirani.

Yako pia mambo yanayopunguza maziwa kweli. Mimba mpya huyapunguza, hasa kuanzia mwezi wa nne au wa tano, ingawa kwa kawaida hayamdhuru mtoto anayenyonya. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kuyapunguza, na hata baadhi ya dawa za mafua ya kuziba pua. Upasuaji wa matiti, ugonjwa wa tezi ya shingo, au kipande cha kondo kilichobaki tumboni pia huleta shida. Mama wa namna hii asilaumiwe. Apelekwe kwa daktari. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asikatishwe tamaa: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba akitumia dawa zake barabara na kufuatwa na kliniki, anaweza kunyonyesha miezi 24 au zaidi kama mama mwingine.

MAMA ANAPORUDI KAZINI

Hapa ndipo maziwa mengi ya Eastlands hukatika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba wiki 2. Lakini mtoto anatakiwa kunyonya tu mpaka miezi 6. Miezi 3 iliyobaki itavukwaje?

Kwanza, mjue haki yenu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Inampa mama pia muda wa kufanya hivyo usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Mama, ulizia kwa upole, lakini ulizia.

Pili, mjifunze kukamua kwa mkono wiki mbili kabla ya siku ya kurudi. Osha mikono. Weka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole vingine chini yake. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, tena na tena. Siku ya kwanza utapata kijiko kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama muda wa saa 4 mahali pasipo joto kali ndani ya nyumba, na siku 4 katika friji. Kama hamna friji, huenda jirani wa jumuiya anayo. Yapasheni moto kwa kutia kikombe chake ndani ya maji ya moto, msiyachemshe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, ili asisahau titi. Yakibaki kikombeni, yasihifadhiwe tena.

Tatu, mtumie ukaribu mlio nao. Kutoka Mbotela hadi Industrial Area watu wengi huenda kwa miguu. Ikiwa kazi haiko mbali, nyanya au yaya anaweza kumleta mtoto langoni saa ya chakula cha mchana. Mama anayeuza Burma au Gikomba hana wa kumpa likizo, lakini anaweza kuwa na mtoto karibu naye.

Nne, kazini akamue hata kama hana pa kuyaweka. Kinachookolewa pale si maziwa ya siku hiyo tu, ni maziwa ya mwezi ujao. Na akirudi nyumbani, mtoto anyonye jioni, usiku na alfajiri. Wako akina mama wanaoshinda kazini mchana kutwa na kunyonyesha mpaka mwaka wa pili kwa njia hii.

BABA, HAPA PANA KAZI YAKO

Bwana, tumesema kwamba homoni inayosukuma maziwa husikiliza moyo wa mama. Maneno yako, basi, yanafika hadi kwenye titi. Ukisema "wenzako wanaweza," maziwa yanachelewa kutoka. Ukisema "pumzika, nitafua nepi mimi," umemlisha mtoto wako. Kuteka maji, kumwogesha mtoto mkubwa, kumletea mama sufuria ya sukuma na maharagwe na kikombe cha maji anaponyonyesha: hiyo ndiyo kazi ya baba katika kunyonyesha. Tena ni wewe unayeweza kumwambia mama yako kwa heshima, "Mama, kliniki wametuambia tusimpe maji bado." Usimwachie mkeo vita hiyo.

Liko pia jambo la kitandani, ambalo wengi hulinong'ona. Wazee wengi waliwafundisha wanandoa kwamba wakikutana kimwili, maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Pwani huita kumbemenda mtoto. Wazee walikuwa na nia njema. Waliona mimba ikifuata upesi na mtoto akiachishwa mapema, akikonda. Lakini tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mama akishapona baada ya kujifungua, nanyi mkikubaliana, hakuna sababu ya mume kuhamia kwingine, wala ya mke kumwachisha mtoto ili kumrudisha mume. Ndoa ngapi zimeingia baridi kwa sababu ya hofu hii!

Kuhusu mimba, kunyonyesha kwenyewe ni zawadi ya asili. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walithibitisha kwamba kinga yake hupita asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi kitu kingine ila titi, mchana na usiku, na mama hajaona damu ya mwezi. Sharti moja likivunjika, msiitegemee tena. Kumbukeni kwamba rutuba inaweza kurudi kabla damu ya kwanza haijaonekana. Huo ndio wakati wa kujifunza pamoja dalili za mwili kutoka kwa walimu wa uzazi wa mpango wa asili. Mjifunze wawili, si mke peke yake.

Na kama watu wanamcheka mama kwa kunyonyesha mtoto anayetembea, au kwa kunyonyesha kanisani, kumbukeni kwamba Januari 2014, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko aliwahimiza akina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa palepale. Kama si aibu mahali pale, haiwi aibu katika benchi ya parokia yetu.

YAKISHAPUNGUA, YANAWEZA KURUDI?

Yanaweza. Wengi hawajui habari hii. Titi halisahau kazi yake. Hata baada ya kuachisha, maziwa kidogo huweza kuonekana kwa wiki au miezi. Mama aliyeacha kunyonyesha anaweza kurudisha maziwa kwa kumweka mtoto kifuani mara kwa mara, mara 8 hadi 12 kwa siku, na kukamua baadaye. Aliyeacha juzi huweza kuona mabadiliko baada ya siku chache. Aliyeacha zamani huhitaji wiki kadhaa na subira. Shirika la Afya Duniani liliandika mwongozo wa jambo hili mwaka 1998. Hata nyanya walioacha kunyonyesha miaka mingi wamewahi kupata maziwa ya kumlea mjukuu yatima. Wakati huo maziwa mengine yaendelee kutolewa kwa kikombe na kupunguzwa kidogo kidogo, uzito wa mtoto ukiangaliwa na kliniki.

Na wapo walio na ya kugawa. Katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mwendo mfupi tu kutoka Mbotela, ilifunguliwa mwaka 2019 benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini Kenya. Akina mama walijitolea maziwa, yakapimwa na kutiwa joto la kuua vijidudu, kwa ajili ya watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa au wamefariki.

SIKU YA KUACHISHA

Kwa kuwa mwili hauweki tarehe, siku ya kuachisha itachaguliwa na ninyi, na mtoto mwenyewe. Msiichague kwa hofu, wala kwa maneno ya ploti. Ikifika, acheni polepole: ondoeni nyonyo moja la mchana, baada ya siku kadhaa lingine, la usiku liwe la mwisho. Kupaka titi shubiri au pilipili, au kumpeleka mtoto ushago ghafla, humuumiza mtoto moyo na kumwachia mama matiti yaliyovimba. Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa. Nanyi, siku hiyo iwe ya shukrani, hata kwa chapati na chai tu.

Turudi katika kile chumba chenye pazia. Kama jioni ile mume angesema, "Tungoje kidogo, kesho twende wote kliniki tumpime mtoto," kodi ingalibaki salama, na mtoto huenda asingeharisha. Wala hawajachelewa. Titi bado lipo, mtoto bado anajua kunyonya, na mume anaweza kuanza leo kuteka maji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Mtoto wetu aliachishwa kwa sababu gani? Je, tuliamua sote wawili?

2. Ni maneno gani niliyomwambia mwenzangu wakati wa kunyonyesha yaliyomtia nguvu? Yapi yalimvunja moyo?

3. Je, kuna imani kuhusu maziwa na tendo la ndoa iliyotutenga? Tunaweza kuizungumza leo bila kulaumiana?

4. Katika jumuiya yetu yuko mama anayerudi kazini mwezi huu? Tutamsaidia namna gani?